Chumvi Isiyoyeyuka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Bwana Mathayo kaniita ofisini kwake na kufunga mlango. Nikajua ama nafukuzwa ama napewa kazi. Nimepewa kazi. Kampuni ya Chumvi Nangoma — faili lake mwenyewe, ambalo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuruhusiwa hata kulipangusa vumbi. Kasema miaka yake saba ya kuwatilia saini imekwisha, kanuni inataka mkaguzi mwingine, na mkaguzi mwingine ni mimi.

Tangu Januari jina langu liko ukutani pale mlangoni. Mathayo na Laurinda, Wakaguzi wa Hesabu. Tupo wawili, na makarani wawili, katika chumba kimoja na nusu juu ya duka la vipuri vya bajaji. Padogo. Lakini jina liko ukutani.

Itakuwa saini yangu ya kwanza kwenye hesabu za kampuni. Mimi, mtoto wa watu waliovuka mto wa mpaka, Ruvuma, na sufuria mbili. Darasa la kwanza mwalimu aliniandika "Rozi" kwa sababu Laurinda lilimshinda. Sasa watalisoma vizuri, herufi kwa herufi.

Kazi ya wiki mbili, kasema Mathayo. Mwezi wa tano kampuni inauza hisa mpya vijijini, kuanzia Madimba mpaka Kilambo — kwa wakulima, vikundi vya akina mama, walimu. Kitabu cha kuuzia hisa kitabeba ripoti yangu, kwa hiyo wana haraka. "Faili limenyooka," kaniambia. "Wewe fuata nyayo tu."

Sawa. Tuone zinakokwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nimepakwa majivu kanisani, leo nimepakwa tope. Barabara ya Msimbati imekuwa uji. Gari la kampuni lilinifuata asubuhi, tukafika Nangoma saa nne.

Majaruba ya chumvi yamejaa maji ya mvua mpaka kwenye mikoko. Hakivunwi kitu sasa mpaka Juni. Kwa hiyo mali ya kampuni ni chumvi ya mwaka jana iliyorundikwa. Ukitaka kujua kampuni ina kitu au haina, pima marundo. Doris, mhasibu mkuu, kanipa orodha: marundo kumi na manne, tani elfu tisa na mia sita. Mwanamke mwembamba, mpole, haongei. Kaniangalia kama mtu anayeangalia wingu asilojua kama lina mvua.

Nikapima na tepu. La kwanza mpaka la nane yapo chini ya mabanda ya makuti, wanawake wanachota na kufunga magunia. Nyapara wao ni Mwanahamisi, mama wa miaka hamsini hivi. Yupo kwenye swaumu na bado anajitwisha gunia la kilo hamsini.

La tisa mpaka la kumi na nne yako mbali, ng'ambo ya tuta, yamefunikwa turubai jeusi na kukandamizwa na mawe. Mlinzi akasema nisipande, turubai litachanika, ni amri ya mkurugenzi, Bwana Innocent. Nikapima kwa nje. Kila mwaka wamepima hivyo hivyo, kasema.

Wakati wa kurudi nikamuuliza Mwanahamisi wataanza lini kuchota yale ya kule.

"Yale? Yale sisi hatuyachoti, dada. Yale ya wakaguzi."

Akacheka, akarudi kwenye magunia yake. Nimelifikiria neno hilo njia nzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua mafaili yote ya nyuma. Miaka saba mezani.

Rundo la tisa: tani mia sita na hamsini. Mwaka uliotangulia: mia sita na hamsini. Uliotangulia huo: hivyo hivyo. La kumi, la kumi na moja, mpaka la kumi na nne — vile vile, miaka saba, haikupungua hata ndoo. Chumvi ya jikoni kwangu ikikaa wiki mbili masika haya inalowa na kushikana. Hii ya Nangoma imekaa nje pwani miaka saba na haijayeyuka. Chumvi ya ajabu.

Halafu ile aya. Kila ripoti yetu ina aya ya kueleza jambo gumu kuliko yote tulilokutana nalo kwenye hesabu, na tulifanya nini kulihakiki. Ipo ili mtu anayeweka fedha yake ajue aangalie wapi. Yetu inasema: "Tulipitia taratbu za upimaji wa chumvi na tumeridhika." Taratbu. Herufi i imeanguka mwaka wa kwanza na haikuokotwa tena. Mara saba! Hakuna aliyeandika aya hiyo mara ya pili. Ilinakiliwa tu.

Nikaenda kwa Mathayo. Nikamwambia chumvi haiwezi kukaa hivyo.

"Chumvi haiozi, Laurinda."

"Inayeyuka."

"Imefunikwa." Akaendelea kusoma gazeti. Lakini hakufungua ukurasa mwingine muda wote niliokuwa nimesimama.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mwaka wangu wa kwanza alinirudisha Newala kwa basi nikahesabu upya, kwa sababu nilihesabu magunia ya mtu bila kufungua hata moja. "Gunia lisilofunguliwa ni hadithi," aliniambia. Maneno yake mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda bila kuwaarifu. Bodaboda, saa moja na nusu asubuhi, barua ya kazi mfukoni: mkaguzi ana haki ya kuona mali yoyote saa yoyote. Mlinzi akajaribu kumpigia mkurugenzi. Mtandao ukakataa. Nikamwambia akiendelea kutafuta mtandao mimi naomba mtaimbo.

Mwanahamisi akauleta yeye mwenyewe, na wanawake wawili nyuma yake. Tukaondoa mawe. Majani yalikuwa yameota chini yake. Tukavuta turubai la rundo la tisa — jeupe, linang'aa. Kidogo nijione mjinga.

Nikachoma mtaimbo. Ukaingia kiasi cha kiganja, halafu sauti ikabadilika. Chumvi inakwaruza chuma. Hiki kilimeza. Nikachimba kwa mkono. Kitu cha rangi ya kahawia, kinamwagika.

"Onja," nikamwambia Mwanahamisi. "Wewe unaijua."

"Mimi nimefunga. Swaumu yangu siiharibu kwa ajili ya rundo la bosi. Onja wewe."

Nikaonja. Ijumaa ya Kwaresima, nimejinyima nyama, nikala mchanga.

Yote sita. Kila moja nimelitoboa mahali panne — pande zote. Picha, vipimo, saa. Mwanahamisi akaweka jina lake kama shahidi, kaandika polepole, kisha akakaa juu ya jiwe na kunieleza bila kuulizwa. Mwaka ule bahari ilipovunja matuta, mavuno yote yaliyeyuka kwa siku mbili. Benki walikuwa wanakuja kukagua. Wanawake wakaitwa kubeba mchanga wiki mbili, wakaambiwa ni msingi wa mabanda mapya. Walilipwa kwa ndoo. Yeye alibeba ndoo mia tatu na kitu. Juu wakamwagia chumvi, kisha turubai.

"Mbona hamkusema?"

"Kwa nani? Wakaguzi wanakuja, wanapima, wanakula pweza kwa mkurugenzi, wanaondoka. Hakuna aliyetuuliza."

Wakaguzi. Yaani sisi. Nikamsaidia kurudisha mawe.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeweka picha mezani kwa Mathayo, moja moja. Kazitazama zote. Kavua miwani.

Nikamuuliza kama alijua.

"Sikujua."

Nikamsogezea picha ya mwisho.

"Sikutaka kujua," akasema. "Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa kubwa, gari lilikwama, tukafika jioni. Nikasema mwaka kesho nitafungua. Mwaka kesho nikaona nikifungua na kukuta kitu, nitaulizwa kwa nini sikufungua mwaka jana. Ukishapitisha mmoja, Laurinda, unaofuata unajipitisha wenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Sikujiandaa kwa hilo.

Halafu akarudi kuwa bosi. Nangoma ni karibu nusu ya mapato ya ofisi. Tuandike kwa lugha ya kistaarabu: "kiasi cha chumvi kinategemea makadirio ya menejimenti." Kila mwenye akili ataelewa, kasema.

Nikamwambia wenye akili hawanunui hisa za mchanga. Wanaonunua ni watu wanaotuamini sisi. Na mchanga haukadiriwi, ni mchanga.

Alhamisi, 20 Machi

Innocent kaja ofisini mwenyewe. Shati limepigwa pasi, manukato, sauti ya chini. Hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza. Kasema mwaka ule kampuni ilikuwa inakufa, watu mia na arobaini wangelala njaa, akafanya alichoweza. Kila mwaka alitaka kuyafuta marundo hayo kidogo kidogo. Kila mwaka kukawa na jambo.

"Hisa hizi zikiuzika, nitayafuta. Nakuahidi. Nipe mwaka mmoja."

"Kwa hiyo watakaonunua ndio watakaolipa."

Akatabasamu. Kasema mimi ni mdogo. Kasema kuna wakaguzi mjini Dar ambao wangeleta ripoti kwa wiki moja, bila kukanyaga tope. Kisha akaniuliza kama najua ni wanawake wangapi wanapata riziki Nangoma. Nikamwambia najua wanaitwa nani. Na wewe?

Akaondoka bila kuaga. Mathayo alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Lakini nitaandika ukweli humu ndani, kwani kuna mtu anasoma? Suala la wale wanawake halinitoki kichwani. Nikiandika, benki inaweza kufunga kampuni. Mwanahamisi atakula nini — saini yangu? Nimezunguka nalo toka mchana. Ninalolipata ni hili tu: mchanga upo, niandike nisiandike. Siku moja utaonekana. Swali ni nani atakuwa amenunua mpaka siku hiyo.

Jumamosi, 22 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Shangazi Claudia kaja kutoka Kilambo, na mfuko wake wa plastiki kifuani, chini ya blauzi. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kauza korosho zake zote za msimu, na lile shamba dogo la bondeni pia. Anataka kununua hisa za chumvi. Watu wa kampuni walipita kijijini na spika kubwa, wakasema chumvi si kama korosho, haitegemei dawa wala bei ya mnada, na hesabu zimekaguliwa na wataalamu wa Mtwara. Wataalamu! Kikundi chao kina akina mama ishirini na sita. Wamemtuma aje aniulize kwanza.

"Wewe si ndiye unayewakagua? Niambie. Tuingie?"

Sikuwa na ruhusa. Ninachokiona ndani ya kampuni si changu kusema, hata kwa aliyenipa uji. Nikimwambia yeye, nimewaambia akina mama ishirini na sita na kuwanyima wa vijiji vingine vyote. Kanuni naijua. Niliapa. Leo nimeichukia.

"Shangazi, subirini kitabu kitoke. Kuna ukurasa wa mkaguzi. Msome kabla ya kutoa hata senti."

"Mimi na kusoma Kiswahili cha vitabu wapi na wapi, Lau?"

"Nitakuja kukusomea mwenyewe. Neno kwa neno. Mbele ya kikundi chote."

Akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama nilipoiba sukari. "Basi umeshanijibu."

"Sijajibu kitu, Shangazi."

"Nnungu anakuona," kasema. Mungu anakuona — kwa Kimakonde chetu hilo linaweza kuwa baraka, linaweza kuwa onyo. Akakataa chai. Akapanda gari la saa nane na mfuko wake.

Sijui kama nimevunja kiapo kwa uso wangu. Kama uso umesema, umesema wenyewe. Mdomo wangu ni ile ripoti tu, na sasa hakuna atakayeuziba.

Jumanne, 25 Machi

Doris. Kaja saa ya chakula cha mchana, makarani wametoka. Kaweka bahasha mezani, hajakaa.

Ndani: hesabu za mwaka mzima zilizoandikwa upya. Marundo sita yametolewa. Tani elfu tatu na mia tisa, zote. Faida imekuwa hasara. Kazi safi, ya mtu aliyeifanya kwa muda mrefu, si ya siku mbili.

Nikamuuliza kaiandaa lini.

"Ya kwanza niliiandaa mwaka wangu wa kwanza pale. Miaka minne sasa. Kila mwaka naiandika upya, naiweka tayari."

"Kwa nini hukuitoa?"

"Nilikuwa namsubiri mkaguzi aniulize." Hakusema kwa ukali. Kasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Bwana Mathayo angeniuliza mara moja tu, ningesema. Mimi nina watoto wawili na bosi. Peke yangu siwezi kumwambia bosi hesabu ni mbaya. Lakini mkaguzi akikataa, naweza kumwambia bosi hatuna njia. Wewe ukisimama, na mimi napata pa kuegemea."

Miaka mingi nimefundishwa kwamba mkaguzi anakuja mwisho, hesabu zikishaandikwa. Si kweli. Mhasibu anaandika huku anamwangalia mkaguzi atakayekuja. Akijua huyo hafungui turubai, anaandika turubai.

Nikamwomba Doris akae. Akakaa. Tukala maandazi ya karani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeandika aya. Nimeifuta mara kumi na moja. Kwa Kiingereza kwa ajili ya benki, na kwa Kiswahili kwa kitabu cha hisa — hilo sitaki mjadala. Hii hapa:

"Katika marundo kumi na manne ya chumvi tuliyoonyeshwa, sita ni mchanga uliofunikwa kwa chumvi. Tuliyafungua na kuyatoboa tarehe 14 Machi 2025. Kampuni isipoyaondoa katika hesabu zake, hatutatoa hati safi. Marundo hayo yalikuwemo pia katika hesabu za miaka saba iliyopita. Ofisi yetu ilizipa hesabu hizo hati safi bila kuyafungua."

Mathayo kasoma akiwa amesimama. Kwa kalamu nyekundu, ile aliyokuwa akinisahihishia zamani, kakata sentensi ya mwisho.

"Hizi nne ziache. Nimekubali. Tukose mteja, basi. Hii ya mwisho itoe."

"Ndiyo inayoeleza kwa nini wasituamini macho yamefumbwa."

"Ukiweka hiyo unaniandika mimi, Laurinda. Bodi ya wakaguzi wataichukua leseni yangu. Nina miaka sitini na mbili. Nani alikufundisha kazi? Nani kaweka jina lako ukutani?"

Ni yeye. Yote hayo ni yeye. Nikamwambia hivyo. Na nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha gunia lisilofunguliwa ni hadithi, na nimekwenda kufungua. Angenifundisha kingine, leo tusingekuwa hapa.

Nikachapa ripoti upya, sentensi zote tano. Nikatia saini. Laurinda, na namba yangu ya usajili.

Mathayo kachukua koti lake. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Ofisi imefungwa. Mwanahamisi kanitumia pilau kwa bodaboda, sahani imefungwa kwenye kitambaa. Na ujumbe wa sauti: wanawake wamesikia kwamba mkaguzi anataka kufunga kampuni, mkurugenzi ndiye aliyewaambia. Wamegawanyika. Wengine wananitukana. Yeye kawaambia mchanga haukulipa mtu mshahara hata siku moja, chumvi ndiyo iliyolipa, na chumvi bado ipo.

Nimekula pilau yote.

Jumatano, 2 Aprili

Kikao cha wakurugenzi. Saa tano mpaka saa tisa. Mathayo hakuja, simu yake imezimwa tangu Ijumaa.

Nikaeleza. Innocent akasema ni tofauti ya vipimo tu. Nikaomba tupande gari sote sasa hivi, na mtaimbo nimekuja nao, uko chini kwa mlinzi. Hakuna aliyesimama. Hapo nikajua zaidi ya wawili walikuwa wanajua.

Mwenyekiti akamgeukia Doris, akamuuliza hesabu zikoje. Swali lenyewe, hatimaye! Doris akatoa bahasha. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakukoma mpaka akafika mwisho. Mjumbe wa benki akauliza maswali sita, akajibiwa sita.

Wamepitisha hesabu za Doris. Wanne kwa watatu. Marundo sita yamefutwa. Uuzaji wa hisa umeahirishwa mpaka wakae na benki, na benki inasema haiwezi kufunga kampuni yenye chumvi tani elfu tano na zaidi ambayo ni chumvi kweli, ila itabana. Mwanahamisi na wenzake wanabaki, kwa sasa. Kwa sasa — nalishika neno hilo kwa kucha.

Kwa hiyo sasa wanataka mimi nikubali kitu kidogo tu. Innocent kasema kwa adabu: hesabu zimerekebishwa, si ndicho nilichokitaka? Basi aya ya nini tena? Itoke, kila mtu aende nyumbani.

Nikasema nitairekebisha mahali pamoja: niandike kwamba kampuni imeyaondoa marundo hayo, kwa sababu imeyaondoa, na hati itakuwa safi. Yaliyobaki yanabaki. Watu wamesoma uongo miaka saba. Kuurekebisha kimyakimya ni kuwaacha wasijue waliwahi kudanganywa.

Jibu lilikuja jioni kwa barua: mkutano mkuu wa wanahisa, tarehe 12, utapiga kura ya kuondoa wakaguzi. Innocent na ndugu zake wana hisa karibu nusu. Lakini sheria inanipa haki ya kusema kabla ya kura. Hilo wamesahau kuniondolea.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Mathayo, Shangani. Mkewe kaniambia amelala. Saa nne asubuhi. Viatu vyake vilikuwa barazani, vina tope jekundu kama la barabara ya Msimbati mpaka kwenye kamba. Mvua haijanyesha mjini tangu Jumapili.

Sikuuliza. Nikaacha nakala ya ripoti na kuondoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukumbi wa parokia, saa nne na robo. Naandika kwenye goti, wanasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Wanahisa kama tisini. Wazee wengi, walimu wastaafu, wavuvi walionunua hisa chache zamani na kuziweka kwenye fremu. Innocent mbele na nduguze, suti tatu. Doris mezani, hatazami popote. Wanawake wa Nangoma wamesimama nje madirishani, si wanahisa lakini hakuna aliyewafukuza. Mathayo yuko kiti cha mwisho karibu na mlango, peke yake. Hajanisalimia.

Saa tano. Mwenyekiti kaniita. Kaninong'oneza nisome kwa kifupi, muda mchache. Nimesoma yote. Sentensi zote tano, polepole, kwa Kiswahili, kama nilivyomwahidi Shangazi. Nilipofika "mchanga" kuna mtu alicheka. Nilipofika "miaka saba" hakuna aliyecheka.

Saa tano na nusu. Kelele. Mmoja anataka polisi, mwingine anasema nimehongwa na washindani. Ndugu wa Innocent anadai kura ipigwe sasa hivi, mikono juu. Mikono imeanza kupanda. Mingi. Nilijua. Nimekaa wima, naiangalia mmoja mmoja, wanione nawaona.

Mwenyekiti amesimamisha kuhesabu. Kuna mama kaomba kusema — Sabina, mwalimu mstaafu, hisa thelathini. Anataka aya isomwe tena. Nimesimama, nimeisoma tena. Anauliza kama mimi ndiye niliyefungua turubai. Nimesema ndiyo.

"Sasa tunapiga kura kumwondoa aliyefungua," kasema. "Sawa. Mimi nataka kwanza kujua wasiofungua. Hizo hati safi saba ninazo nyumbani, nilizitunza na vyeti vya wanangu. Zina saini. Ni ya nani?"

Innocent anaangalia karatasi zake. Mwenyekiti ananiangalia mimi. Najua jibu, na sitalisema. Si langu kulisema.

Kiti kimekwaruza sakafu huku nyuma. Watu wanageuka. Bwana Mathayo amesimama, ameinua mkono, anaomba kipaza sauti. Wanampitishia mkono kwa mkono, safu kwa safu. Mkono wa kushoto ana karatasi moja, imekunjwa. Hajanitazama bado. Kipaza sauti kimemfikia, anakigonga kwa kidole, anakohoa. "Saini ni yangu," anasema.